Mto Coppermine kwa karatasi tatu: shajara ya mradi

6 Januari

Nimefungua folda mpya kwenye kompyuta nikaipa jina la mto. Nje ni nyuzijoto 31 chini ya sifuri, Edmonton nzima imejikunyata, na usiku bado ni mrefu. Mchana napima viwanja vya watu ili nilipwe. Usiku nataka kupima mto ambao sijawahi kuutia machoni.

Mto wenyewe ni Coppermine. Unaanzia kwenye maziwa ya nyika ya kaskazini mwa Kanada, upande wa Lac de Gras, unapita Point Lake, unapinda huku na huko kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha unamwaga maji yake katika Ghuba ya Coronation, Bahari ya Aktiki. Urefu wake ni kama kilomita 845. Njia yote hiyo hakuna mji, ila kijiji kimoja mdomoni, Kugluktuk.

Nitapandanisha ramani tatu: ya Samuel Hearne, aliyefika kwa miguu mwaka 1771, ya msafara wa John Franklin, ulioshuka kwa mitumbwi mwaka 1821, na karatasi za serikali za 1:250,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege. Nataka kuona kila mmoja alikosea wapi, kwa kiasi gani, na kilichomkosesha.

9 Januari

Nimeshusha karatasi za msingi kutoka hazina ya serikali ya Kanada. Bure, bila kujisajili, bila barua ya mkurugenzi. Mjomba wangu wa Morogoro, aliyestaafu upimaji serikalini, hataamini. Karatasi 86 O inabeba mdomo wa mto. 86 G na 86 H zinabeba Redrock Lake na Point Lake kule juu.

Karatasi hizi zenyewe bado changa. Hadi Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya kaskazini hii ilikuwa nafasi nyeupe. Zikaja ndege zenye kamera tatu, moja ikitazama chini wima na mbili zikitazama pembeni, ili mruko mmoja uchukue nchi kutoka upeo hadi upeo. Baada ya vita jeshi la anga la Kanada likaendelea na kazi kwa ndege za Lancaster, na kati ya 1949 na 1957 likapima umbali kati ya vituo kwa mawimbi ya redio, mfumo ulioitwa Shoran, ili picha zile zipate pa kushikizwa. Mwaka 1948 wanahewa hao waliona katika Foxe Basin, bahari ya kaskazini mwa Kanada, kisiwa ambacho ramani rasmi hazikuwa nacho. Ni Kisiwa cha Prince Charles, kilomita za mraba 9,500 hivi: Unguja tano zinaingia humo na nafasi inabaki. Wainuit, wenyeji wa Aktiki, walikuwa wakikijua siku zote.

Karatasi ya mwisho ya 1:50,000 kwa nchi nzima ilikamilika mwaka 2012 tu, na jumla yake inapita 13,000. Kwa hiyo nikiandika "mahali halisi" humu ndani, nina maana ya mahali kwa mujibu wa karatasi hizi.

14 Januari

Mafua. Sikugusa kitu.

18 Januari

Hearne leo. Alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Hudson's Bay katika ngome ya Prince of Wales, Churchill, na alitumwa kutafuta mto ambao watu wa bara walikuwa wakileta shaba kutoka kwake. Safari ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikafika mbali, lakini Agosti 1770 aliacha kwadranti yake, kifaa cha kupimia urefu wa jua angani, imesimama kwenye kigoda chake akaenda kula. Upepo ukaipiga, ikaanguka kwenye mawe, ikavunjika. Akarudi ngomeni mwishoni mwa Novemba na tarehe 7 Desemba akaondoka tena, safari hii na kiongozi Matonabbee, Mdene, yaani mwenyeji wa bara la kaskazini, aliyeijua nchi. Kifaa alichopewa ni kwadranti ya Elton iliyokuwa imelala ngomeni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mimi ninapopewa ofisini kipokezi cha GPS ambacho betri yake imechoka, hulalamika wiki nzima.

Nimechukua latitudo na longitudo alizoupa mdomo wa mto: nyuzi 71 dakika 54 kaskazini, nyuzi 120 dakika 30 magharibi (dakika 60 ni nyuzi moja). Nimeziingiza kwenye programu, nikabofya. Kitone chekundu hakikuangukia mdomoni. Hakikuangukia hata bara. Kimekwenda kukaa kando ya Kisiwa cha Banks, ng'ambo ya bahari, mahali ambapo Hearne asingeweza kufika bila chombo.

Mdomo halisi uko nyuzi 67 dakika 49 kaskazini, nyuzi 115 na dakika 6 hivi magharibi. Kosa la kwenda kaskazini pekee ni kilomita zipatazo 450, mwendo wa gari kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Ukijumlisha na la magharibi, mstari ulionyooka unakaribia kilomita 500. Na mwenyewe aliandika kwamba latitudo yake inaweza kutegemewa, kosa lisizidi maili 20!

19 Januari

Nimempigia mjomba. Anapenda habari za wapimaji waliokosea, maana kwa miaka thelathini alirekebisha makosa ya wengine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Baridi haijakuua?"

Nikamweleza mambo ya Hearne. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mpima yeyote wa zamani angeuliza kwanza: "Travasi yake aliifunga?" Yaani, mnyororo wa vipimo vyake aliurudisha mpaka alipoanzia ili aone kosa?

Nikamwambia alirudi ngomeni Churchill tarehe 30 Juni 1772, kwa kupitia kusini zaidi, Ziwa Great Slave.

"Basi aliifunga kwa miguu, siyo kwa hesabu. Na kule mtoni, jua alilipiga?"

Hapo ndipo penyewe. Hearne anaeleza mwenyewe: alipofika mdomoni kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu, na kwa kuwa aliona mto na bahari ile havina faida kwa meli, hakuona haja ya kungoja hali ya hewa itakate apime jua. Mjomba alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Nawajua hao," alisema. "Hao nimefanya nao kazi."

27 Januari

Nimepoteza siku nne kwa ujinga wangu, naandika ili nisirudie.

Kuipa ramani ya zamani viwianishi, yaani kuifungamanisha na latitudo na longitudo za leo, ni kazi ya kubofya. Unabofya kwenye skani mahali unapopajua, tuseme ncha ya ziwa, kisha unabofya mahali hapo hapo kwenye ramani ya leo. Ukifanya hivyo mara kumi, ishirini, programu inatafuta namna ya kuivuta picha ili pointi zote zikutane. Namna ziko nyingi. Ipo inayoruhusu picha kusogezwa, kuzungushwa na kukuzwa tu, inaitwa Helmert. Zipo za polinomia, zinazoipinda. Na ipo moja inayoichukua picha kama mpira na kuinyoosha mpaka kila pointi ikae pake barabara, kosa sifuri.

Nilichagua hiyo ya mpira, kwa kuwa nani asiyependa kosa sifuri? Matokeo yake nilipoyakuza, herufi za jina la ziwa zilikuwa zimevutika kama donge la chapati, na ukingo wa kushoto wa karatasi umejikunja ukapita juu ya pwani. Baya zaidi, mto wa Hearne ulikuwa umekaa juu ya mto wa kweli kwa unyenyekevu, kama vile hakukosea kitu. Programu ilikuwa imemfutia kosa lake, na kosa lake ndilo nililokuja kulitafuta.

Nimefuta yote. Kuanzia leo ni Helmert tu, na panapobaki pengo nitalichora kama mshale: mkia kwenye sehemu halisi, kichwa pale alipoiweka yeye.

3 Februari

Mishale imeanza kusema.

Upande wa kusini ni mifupi, jinsi anavyokwenda kaskazini ndivyo inavyorefuka. Kituo muhimu ni mahali alipopaita Congecathawachaga, ambapo anasema alipata vipimo viwili vizuri vya jua mwanzoni mwa Julai 1771. Alipapa nyuzi 68 dakika 46. Nikipaweka kwenye Ziwa Kathawachaga la ramani za leo, tayari amepitiliza kwa zaidi ya nyuzi mbili. Hilo sitalitupia miguu yake, ni la kwadranti ile kuukuu.

Kutoka hapo hadi baharini hakupima jua tena. Alihesabu mwendo na mwelekeo. Kwa hesabu yake alikwenda kaskazini nyuzi tatu na dakika nane. Kwenye ramani ya leo ni nyuzi moja na nusu hivi. Yaani kila maili aliyokwenda kaskazini aliiandika kama mbili. Hii haishangazi. Unatembea siku nzima nyuma ya watu wanaoijua njia, wanazunguka maziwa, wanafuata wanyama, wanakwepa mawe, na jioni mguu unakuambia maili ishirini. Mguu hausemi uongo, maili ishirini umetembea. Ila kaskazini umesogea kumi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni hili: ukiachana na nyuzi, ukatazama mpangilio tu, ziwa gani linatangulia lipi, lipi liko mkono gani wa njia, karatasi yake inasomeka. Ziwa analoliita Cogead, ambalo huchukuliwa kuwa ndilo Contwoyto la leo, liko pale linapopaswa kuwa ukifuata mwendo wake. Elimu hiyo haikutoka kwenye kwadranti. Kabla Hearne hajaondoka, mkuu wa ngome, Moses Norton, alikuwa na ramani iliyotokana na maelezo ya Matonabbee na mwenzake Idotlyazee, ikionyesha mito kwa mfuatano kutoka Churchill hadi mto wa shaba. Pwani imenyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiwa msafiri unayehesabu mito ili ujue umebakisha mingapi, kamba inakutosha.

5 Februari

Hesabu ya jua, kwa wapenda hesabu.

Hearne anaandika kwamba usiku ule karibu na mdomo jua lilikuwa juu vizuri, na walikuwa na jua usiku kucha. Je, ilikuwa hivyo? Urefu wa jua saa sita usiku huko kaskazini ni latitudo, ongeza umbali wa jua kutoka ikweta siku hiyo, toa 90. Katikati ya Julai jua liko nyuzi 21 na kitu kidogo kaskazini ya ikweta. Kwa latitudo ya maporomoko yaliyo karibu na mdomo, nyuzi 67 na dakika 44 hivi, jibu linakuwa hasi, kama nyuzi moja chini ya upeo. Hewa hulipandisha jua machoni kwa zaidi ya nusu ya nyuzi, kwa hiyo ukingo wa juu wa jua ungekuwa unakwaruza upeo wa macho. Mwanga, ndiyo, mwingi. Jua la juu vizuri, hapana. Kwa latitudo aliyoiandika yeye, jua lingekuwa nyuzi tatu juu ya upeo, na maneno yake yangekaa sawa.

Hata wakati wake yupo aliyeshtuka. Alexander Dalrymple, mchoraji wa ramani za bahari, alizitilia shaka latitudo za Hearne hadharani mwaka 1789. Kitabu cha Hearne kilitoka 1795, na yeye alikuwa amefariki 1792.

11 Februari

Leo nimekwama kwenye jina, si kwenye hesabu.

Kilomita kama 15 kabla ya bahari kuna maporomoko. Tarehe 17 Julai 1771, saa za usiku, wasafiri waliokuwa na Hearne walivamia kambi ya Wainuit waliolala hapo, wakaua watu wapatao ishirini. Hearne alikuwepo. Anasimulia binti aliyechomwa mikuki huku ameshikilia miguu ya Hearne. Halafu, anaandika, ilikuwa yapata saa kumi na moja alfajiri, bahari inaonekana umbali wa maili nane, naye akaendelea mara moja na upimaji wake.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwa kazi hii. Kipande cha mto kati ya maporomoko na bahari ndicho kipande ambacho kwenye karatasi yake kina umbo zuri kupita vyote. Najua kwa nini, alikipima kwa uangalifu, ndicho alichotumwa. Lakini kila ninapobofya pointi pale mkono unakuwa mzito.

Ramani za Kiingereza zikapaita Maporomoko ya Damu, Bloody Falls, na Franklin alipopita miaka hamsini baadaye alikuta bado mafuvu na mifupa. Wenyeji wanapaita Kugluk. Kijiji cha mdomoni kiliitwa Coppermine mpaka tarehe 1 Januari 1996 kiliporudia jina la Kiinuinnaqtun, lugha ya Wainuit wa huko, Kugluktuk. Nimeamua: kwenye ramani yangu Kugluk inakuja kwanza kwa herufi nzito, jina la Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo.

20 Februari

Franklin. Pumzi imeshuka, maana huyu alikuja na vifaa, na maofisa vijana George Back na Robert Hood wa kuchora na kupima. Walifika baharini tarehe 18 Julai 1821. Latitudo yao ya mdomo ni nyuzi 67, dakika 47, sekunde 50. Kosa halifiki kilomita nne. Nimeangalia mara tatu.

Longitudo ni hadithi nyingine: nyuzi 115, dakika 36, sekunde 49. Imezidi magharibi kwa nusu nyuzi. Mjomba aliponiuliza "mbona latitudo safi hivyo na longitudo chafu?" nikamjibu kwa lugha yake: latitudo unaipata kwa jua la adhuhuri na sekstanti, longitudo unaipata kwa saa. Dunia inazunguka nyuzi moja kila dakika nne. Nusu nyuzi ni dakika mbili za saa. Kwa mtu ambaye kronomita yake, saa ya upimaji, imepita baridi kali na kutikiswa ndani ya mitumbwi, akisaidiwa na vipimo vya mwezi, dakika mbili si aibu. Na huko juu nyuzi za longitudo zimebanana. Nusu nyuzi ni kama kilomita 22. Ingekuwa Tanga ingekuwa zaidi ya 55.

Kingine kilichonifurahisha ni dira. Waliandika kwamba pale mdomoni sindano inakwenda zaidi ya nyuzi 46 mashariki ya kaskazini ya kweli. Fikiria, unashika dira inakuelekeza karibu kaskazini-mashariki na wewe unatakiwa kujua kwamba huko siko kaskazini! Ncha ya sumaku imehama sana tangu hapo, leo kosa hilo halifiki nusu yake.

Mishale ya Franklin kando ya mto yote imelala upande mmoja, mifupi, inaelekea magharibi. Saa iliyokosea inafanya hivyo hivyo kila mahali.

Karatasi yake inakonda tu kwenye njia ya kurudi, walipoacha pwani na kukata nyika kwa miguu bila chakula. Kati ya watu 20 walikufa 11. Hood alipigwa risasi tarehe 20 Oktoba. Waliosalia waliokolewa na watu wa Akaitcho, mkuu wa Wadene wa Yellowknife, waliofika na nyama Novemba. Sitabandika mishale kwenye kipande hicho.

1 Machi

Faili la pointi limepotea. Pointi 41 za Hearne, za usiku sita, kwa sababu programu iliuliza "hifadhi?" na mimi nikajibu "hapana" nikidhani inauliza habari ya picha. Nimekaa kimya robo saa. Mke wangu amenipa chai bila kuuliza.

8 Machi

Nimezirudia zote. Safari hii zimekuwa 38, tatu nimezikataa kwa sababu sikuwa na hakika ni maziwa gani. Wastani wa kosa haukubadilika sana, na hilo limenipa imani kuliko kitu kingine chochote tangu nianze.

Nimeongeza kwa rangi hafifu wapimaji waliofuata, bila mishale: John Richardson aliyerudi mto huu kutoka baharini mwaka 1826, Dease na Simpson walioushuka miaka ya 1838 na 1839, na pwani iliyopimwa na Kenneth Chipman na John Cox katika kundi la kusini la Msafara wa Aktiki wa Kanada, 1913 hadi 1916. Kila mmoja aliikuta karatasi ya mwenzake akaisogeza kidogo.

15 Machi

Nimechapa. Karatasi ya A1, skeli nimeichagua ili mto wote uenee na majina yasomeke. Mto wa leo kwa buluu, Franklin kijani, Hearne nyekundu. Kijani na buluu vinakwenda sambamba kama reli.

Nyekundu imenishinda. Mshale wa mdomo wa Hearne unaanzia Kugluktuk, unapanda, unavuka pwani, unafika ukingo wa juu wa karatasi na kukatika, kichwa chake hakipo. Ningeweza kupunguza skeli, lakini basi Kugluk isingesomeka. Nimechapa kipande cha pili, bahari tupu na kona ya Kisiwa cha Banks, nikakigundisha juu kwa gundi ya watoto. Nimeipiga picha, nikamtumia mjomba. Amejibu kwa sauti: "Mjomba, hiyo ya juu usiikate. Niwekee nakala na kipande chake."